Maombi Mawili kwa Mfungo Mmoja

Jumapili, 14 Oktoba 2018. Turffontein, Johannesburg

Joto limekaa juu ya mabati yetu tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa ni saa kumi alasiri na upande wa kusini mawingu yamekuwa meusi. Mvua tunaisubiri wiki ya pili sasa. Mijakaranda ya mtaani imemwaga maua juu ya magari mabovu ya jirani, mpaka yanaonekana kama yamepambwa kwa harusi.

Jumapili saa kama hizi huwa nimelala. Kesho alfajiri gari la kazi litanichukua kwenda Midrand, na mwili unajua. Lakini leo usingizi umekataa. Nimekaa uani juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, naandika kwa kidole gumba kimoja, maana kile kingine saruji imekipasua.

Mnaonisoma hapa mnajua shule yangu iliishia la sita. Mkikuta makosa, mnisamehe. Mkikuta dhambi, hiyo ndiyo niliyokuja kuiandika.

Mzee Dani alikuwa hapa leo.

Wengi hamumjui. Ni mmisionari wa Kimarekani aliyeishi kwetu Fizi, Kongo, miaka mingi, kwenye misheni ya mlimani, na baba yangu alikuwa mpishi wake. Mzee Dani ndiye aliyenifundisha kupanga matofali. Nilikuwa na miaka kumi aliponipa kamba, akaniambia niivute toka pembe hadi pembe na nisiweke tofali hata moja kabla haijanyooka. Mpaka leo ninakula kwa kamba ile. Kiingereza nilikipata kwa binti yake, Ruti, tuliyelingana umri. Alikuwa akinisomea vitabu vyake nyuma ya jiko, mimi namlipa kwa mihogo ya kuchoma niliyoiba kwa mama.

Vita ilipofika, ndege ndogo ikaja kuwachukua wao. Sisi tulitembea.

Siandiki hivyo kwa uchungu. Ndivyo ilivyokuwa, na Mzee Dani alilia siku ile kuliko sisi. Dada yangu mdogo, Mariamu, aliishia kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Ameolewa humo, amezalia humo. Mimi nilishuka kusini kidogo kidogo hadi nikafika Johannesburg. Mzee Dani alirudi kwao akawa mchungaji wa kanisa katika mji wao mdogo, lakini hakutusahau. Kanisa letu hapa Turffontein, lile linalosali kwenye gereji ya zamani, ni kama mtoto wa kanisa lake. Wao wanatuombea, sisi tunawaombea. Salamu zao zikifika, Pasta Kashindi huzisoma sote tukiwa tumesimama.

Miaka miwili iliyopita, mwezi kama huu, salamu zilikuja na ombi. Nchi yao ilikuwa inakwenda kwenye kura. Mzee Dani aliandika kwamba kuna mgombea ambaye Mungu ameweka mkono juu yake. Alikiri kuwa mtu mwenyewe si mpole, kinywa chake hakina adabu, na habari za ndoa zake si za kusimulia kanisani. Lakini Mungu alimtumia hata Koreshi, mfalme asiyemjua. Huyu atawatetea watoto walio tumboni na atalilinda kanisa. Akatuomba tufunge pamoja nao.

Tulisema amina. Tungesema nini? Mtu aliyekubatiza akikuomba ufunge, humwulizi maswali ya magazeti.

Tukapanga mnyororo. Ndiyo desturi yetu: kila mmoja anachukua siku zake za kufunga, akimaliza anampokeza mwenzake, mnyororo usikatike mpaka siku yenyewe. Mimi nilichukua siku tatu za kufunga kavu, bila chakula wala maji, na kazini nikaenda vilevile. Siku ya pili msimamizi wetu alinikuta nimeshikilia toroli kama mlevi. Eish, akasema, huyu Mkongo atanifia hapa halafu niandike ripoti.

Mke wangu, Mama Neema, ambaye hana haya ya kunisema hata mbele ya wateja wake anaowasuka, alinicheka.

"Papa Neema, unawafungia wazungu kura, na wewe mwenyewe duniani kote huna kura hata moja."

Kweli sina. Kongo sijawahi kuandikishwa, na hapa nina karatasi ya kuomba hifadhi tu, ile ya kuhuisha kila mara. Labda ndiyo sababu nilifunga kwa nguvu hivyo. Mara ya kwanza maishani mtu aliniambia kwamba kuna uchaguzi unaonihitaji.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Wakati ule faili la Mariamu lilikuwa limefika mbali. Yeye, mume wake na watoto wanne walikuwa wamehojiwa na kupimwa afya, wamepewa hata jina la mji watakaopelekwa Amerika. Ulikuwa mji wa Mzee Dani. Ruti ndiye aliyehangaika. Yeye na vijana wenzake wa kanisa la baba yake walijitolea kupokea familia moja ya wakimbizi, naye akahakikisha ni ya Mariamu. Basi mimi, nikiwa na njaa ya siku tatu, nikaona ni uvivu kumwendea Mungu kwa jambo moja tu. Nikaunganisha. Kila nilipopiga magoti nilisema: Bwana, mpe mtu yule kiti chake, na mpe Mariamu ndege yake.

Maombi mawili kwa mfungo mmoja. Nilijiona mjanja.

Halafu ikaja habari ya video. Mzee Dani alitaka watu wake waone kwamba hata Afrika kuna wanaosimama nao. Pasta Kashindi akanichagua mimi kwa sababu ya Kiingereza, na kwa sababu kazi yangu ni ya magoti. Mpanga matofali ya chini hushinda amepiga magoti, nina vipande vya zulia la gari nimejifunga magotini. Akaja na simu mpaka kazini saa ya chakula. Nikapiga magoti juu ya mchanga nikiwa na ovaroli ya bluu, nikafumba macho, nikamwombea mtu yule kwa jina lake, kwa sauti. Nilisema Afrika inamwombea. Afrika haikuwa imenituma.

Ruti aliisikia habari hiyo kabla video haijaonyeshwa. Aliniandikia kwa Kiswahili cha kwetu, kirefu. Aliniambia vijana wa kanisa lao hawalali kwa ajili ya kura ile. Wazee wao waliwafundisha tangu utotoni kwamba kiongozi mchafu hafai, sasa wazee haohao wanawaambia wafumbe macho. Akasema uso wangu utatumika kuwanyamazisha: mnaona, hata ndugu zetu maskini wanamtaka. Mwishoni akaandika maneno ambayo bado ninayo kichwani.

"Kaka Wilo, mtu huyo amesema wazi atawafungia mlango wakimbizi. Mariamu yuko mlangoni. Usipige magoti hapo."

Ningeweza kumwuliza. Ningeweza kusoma mwenyewe, simu ninayo, Kiingereza ninacho. Badala yake niliona mtoto anayempinga baba yake, na baba huyo ni Mzee Dani. Nikamjibu kwa mstari: waheshimu baba yako na mama yako. Nikaongeza ya kwangu. Nilimwambia starehe za kwao zimemharibu, kwamba angekua kwa mateso kama sisi angejua kunyenyekea. Nilimwambia hivyo Ruti, aliyejinyima likizo ili dada yangu apate kitanda.

Halafu nikamfungia simu na kulifuta jina lake. Usiku ule nililala kama mtu aliyeitetea imani.

Video ilionyeshwa kwao Jumapili ya mwisho kabla ya kura. Nilisikia baadaye kwamba vijana wapata mistari miwili ya viti waliinuka katikati wakatoka, Ruti mbele yao. Hawakurudi. Wengine wanasali kwenye ukumbi wa shule, wengine wamechoka na kanisa lolote, Jumapili wanafua nguo.

Mgombea wetu alishinda. Kwenye gereji tulicheza mpaka spika ikakatika.

Ndege ya Mariamu ilikuwa ya Februari. Alikuwa ameshagawa sufuria zake kwa majirani. Kuku wake wawili aliwachinja wakala pamoja kuagana. Januari ikatoka amri kwamba wakimbizi wasimame kwanza. Wengine baadaye waliendelea kidogo kidogo, lakini vipimo vyake vilikuwa vimepitwa na muda, na katikati ya kusubiri akazaa mtoto wa tano, ambaye hayumo kwenye faili. Wakamwambia aanze upya. Mpaka leo anaanza upya. Kule Amerika, Ruti na wenzake walikuwa wamepanga nyumba, wametandika vitanda, wamening'iniza makoti manne ya watoto kwa ukubwa wao. Mariamu ndiye aliyenisimulia makoti hayo, maana Ruti alimtumia picha. Aliniambia akicheka kidogo kwamba sasa hata yule mdogo hawezi tena kulivaa la kwake.

Sufuria hakuzidai tena kwa majirani. Aliona aibu.

Nami sikumwambia kitu. Anajua tu kwamba serikali ya mbali ilibadilika.

Leo, basi. Mzee Dani amekuja wiki hii kuwatembelea watoto wake wa kiroho, kama anavyotuita. Miaka imempita vibaya. Anatembea na fimbo, mkono wa kulia unatetemeka, lakini alipoanza kuhubiri kwa Kiswahili cha Fizi, kile cha zamani ambacho hata sisi tumeanza kukisahau, akina mama walilia. Baada ya ibada akakataa chakula cha kwa Pasta Kashindi. Akasema anataka kula kwa mtoto wa mpishi wake.

Amekula hapa, kwenye kile chumba chetu cha uani, bugali na sombe ya majani ya mihogo, kwa mkono, bila kumwaga. Mama Neema akamtania kwamba anakula kama mtu aliyefukuzwa kwao. Mzee akacheka. Halafu sauti yake ikawa nyingine.

Alituambia kwamba kanisa lake limekuwa la vichwa vyeupe. Darasa la watoto la Jumapili sasa linawekwa viti vilivyozidi. Anazika kuliko anavyobatiza. Ruti hajakanyaga hapo tangu siku ile. Wakikutana wanaongea habari za mvua na dawa za presha. Mkewe alikufa mwaka jana, na hata mazishini Ruti alikaa nyuma, karibu na mlango. Sikujua kwamba mama yule amekufa. Alinishona kichwa kwa mikono yake nilipoanguka kwenye mti wa mapera.

Nilimwuliza kama anajuta. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kumwuliza. Akasema watoto wa tumboni wamepata watetezi, hilo hawezi kulijutia. Akakata tonge la bugali, akalishika mkononi, hakula.

"Lakini sikujua kwamba bei yake ni binti yangu."

Ndipo akaniambia alichokijia. Alitaka video nyingine. Mwezi ujao kule kwao kuna kura tena, nyumba zinagawanyika tena, naye anataka safari hii awaite vijana warudi kabla hajafa. Ruti atakataa sauti ya baba yake, lakini yangu ataisikiliza, tumekula mihogo pamoja. Nipige magoti kama mara ile. Niwaambie warudi kwa wazee wao.

Nilimwangalia nikaona kwamba hajui. Kwake yeye video ile ya kwanza ilikuwa kitu kizuri kilichopokelewa vibaya.

Nikaingia ndani nikavaa ovaroli. Mama Neema alinifuata mpaka pazia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usithubutu." Nilikuwa sijaamua. Naapa sikuwa nimeamua. Miaka yote mtu huyu akisema vuta kamba, mimi navuta.

Tukatoka hapa uani, kwenye kipande nilichokipanga mwenyewe kwa matofali ya mabaki. Nikapiga magoti. Mzee Dani akainua simu kwa mikono miwili kwa ajili ya ule mtetemo. Akaniashiria kwa kichwa kwamba niseme.

Nikaanza kwa Kiingereza, hello Ruti, nikakwama. Nikahamia Kiswahili cha kwetu. Nilisema hivi, naandika kama ninavyokumbuka:

"Ruti, ni mimi Wilondja. Uliniambia nisipige magoti, nikapiga. Ulikuwa na haki. Nilikutukana kwa Biblia. Nilimwombea mtu nisiyemjua kwa kuwa baba yako aliniomba, na mtu huyo akamfungia mlango Mariamu wangu. Sikuiti urudi popote. Nakuomba msamaha."

Nilikuwa nimeangalia chini muda wote. Nilipoinua uso, simu ilikuwa bado imeinuliwa, lakini Mzee haangalii simu, ananiangalia mimi.

"Mariamu yupi?" akauliza.

Nikamwambia ni dada yangu. Familia ile ambayo Ruti na wenzake waliitayarishia nyumba ilikuwa yake.

Hakuwa anajua. Alijua vijana wanatayarisha nyumba ya wakimbizi, alikuwa ametoa hata meza. Hakuuliza ni ya nani, na Ruti, kwa hasira au kwa heshima, hakumwambia. Alishusha mikono. Video nadhani ilikuwa bado inajirekodi, ikichukua miguu yetu.

"Mariamu wa jikoni? Nilimbatiza mimi," akasema. "Aliogopa maji. Nilimbeba."

"Ndiyo, Mzee."

"Yuko wapi sasa?"

"Kambini. Palepale."

Akatafuta kitu cha kukalia, nikampa ndoo hii. Alikaa kwa muda mrefu fimbo ikiwa katikati ya magoti. Mimi sikusimama, nilibaki chini, nimezoea. Nilitaka aseme jambo moja, lolote, hata anigombeze. Gari la Pasta Kashindi likapiga honi nje. Mzee Dani akaweka simu kwenye mfuko wa shati, akaushika mfuko kwa kiganja kama anailinda simu isidondoke, akaniaga kwa kunishika kichwa, alivyozoea tangu utotoni. Hakuniambia kama ataituma.

Mimi namba ya Ruti sina. Niliifuta mwenyewe. Maneno yangu yote yako mfukoni mwa mzee mwenye mkono unaotetemeka, na kesho kutwa anapanda ndege. Anaweza kuyatuma. Anaweza kuyafuta kwa bahati mbaya, au kwa kusudi, na sitajua. Nikifikiria vizuri sioni kama nina haki ya kulalamika.

Mama Neema alitoka kukusanya sahani. Nilidhani atanipongeza, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kupongezwa. Akauliza tu: "Na Mariamu, amekwisha kujua?"

Nikasema bado.

"Mzungu ndiye umeanza naye," akasema, akaingia ndani na sahani zake.

Tangu hapo ndipo nimekaa hapa. Ana haki. Ruti amepoteza kanisa, na nimepiga magoti kumwomba radhi mbele ya baba yake. Mariamu alipoteza vitanda sita, makoti manne na sufuria zake, na kila mwezi nampigia nikiongea habari za hali ya hewa, kama Ruti na baba yake.

Najua kwamba mfungo wangu haukumpa mtu yule kiti. Walimpa waliopiga kura. Hilo Mama Neema ameshaniambia mara nyingi ili kunipunguzia. Lakini mimi niliomba nikiwa ninaamini kwamba ninasikika, na mtu hawezi kuamini siku ya kuomba halafu asiamini siku ya kujibiwa.

Matone yameanza, makubwa, yanaacha alama kwenye matofali yangu. Nitaingia ndani sasa.

Kesho saa nne, wakati wa chai, wenzangu wakienda duka la spaza kununua mikate, mimi nitabaki kwenye rundo la mchanga nimpigie. Saa hizo mtandao wa kambini huwa mzuri. Nimejaribu kupanga maneno ya kuanzia na sikuyapata, na labda sitayahitaji. Kila nikimpigia, kabla hata hajaniuliza habari za watoto, Mariamu huniuliza kama bado ninamwombea.

Kesho nitamweleza nilivyomwombea.